Nikishinda, mwamuzi atalipwa na nani?

*Shikamoo mzee. Nina kampuni ndogo ya jipsam hapa Birmingham, tukiwa wengi ni watu watano. Mwaka jana tulipiga dari na kuta za ndani kwenye jengo la ofisi, na mpaka leo mkandarasi mkuu amekalia pauni 38,400 zangu. Niliomba malipo kwa tarehe iliyo kwenye mkataba, wakanyamaza. Wiki sita baadaye ikaja barua pepe kwamba kazi ina kasoro. Nimeambiwa naweza kuwapeleka kwa mwamuzi wa migogoro ya ujenzi. Tatizo ni kwamba mkataba niliosaini unasema atakayefungua shauri atabeba gharama zote, za mwamuzi na za mawakili wa pande zote mbili, hata akishinda. Wakili niliyempigia ametaja pauni 9,000. Nikishinda nitarudishiwa? Na kaka yangu yuko Dodoma, anajenga madarasa kwa mkataba wa mradi wa Benki ya Dunia. Anasema kwao mwamuzi hulipwa nusu kwa nusu. Ni kweli?*
*— Fundi wa jipsam*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huo mstari uliokunyima usingizi. Ni ujanja wa zamani, na una historia yake. Mwaka 2000, katika shauri la Bridgeway dhidi ya Tolent, mahakama ya Uingereza iliukubali mstari wa namna hiyo, kwa hoja kwamba pande mbili zilikubaliana zenyewe. Tangu hapo wakandarasi wakubwa wakawa wanauchomeka kwenye mikataba ya wadogo, na watu wa fani wakauita kipengele cha Tolent. Fundi anadai elfu kumi, anaambiwa akifungua shauri atalipa mawakili wa tajiri. Nani angefungua? Ilipofika 2010, katika shauri la Yuanda dhidi ya WW Gear, jaji aliukataa, akasema unamzuia mtu kutumia haki aliyopewa na sheria ya ujenzi ya mwaka 1996. Bunge nalo likaingia kwa sheria ya 2009, iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 1 Oktoba 2011. Ndiyo iliyoleta kifungu cha 108A.

Kifungu hicho kinasema makubaliano ya kugawana gharama za uamuzi hayana nguvu, isipokuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale yaliyoandikwa ndani ya mkataba wa ujenzi, yanayompa mwamuzi mamlaka ya kugawa ada na matumizi yake yeye mwenyewe kati ya pande mbili. Ya pili ni yale yaliyoandikwa baada ya notisi ya kupeleka mgogoro kutolewa. Mstari wako hauingii popote hapo. Ni wino tu.

Ila jihadhari na hiyo aina ya pili. Ukishatoa notisi, usishangae kuletewa karatasi ya adabu sana, eti "tukubaliane tu atakayeshindwa alipe mawakili wa mwenzake". Wao wana kitengo kizima cha sheria na wewe una simu. Usisaini.

Sasa habari isiyopendeza. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kifungu kinachokulinda usilipe mawakili wao ndicho kinachokuzuia kudai wako. Zile pauni 9,000, ukishinda au ukishindwa, zimetoka mfukoni mwako. Kwa muda mfupi watu walidhani wamepata mlango wa uani kupitia sheria ya madeni ya biashara yanayocheleweshwa, ya mwaka 1998, inayomruhusu mdai kudai gharama za kufuatilia deni. Mwaka 2016, katika shauri la Lulu dhidi ya Mulalley, mahakama ilimwachia mshindi gharama hizo. Mwaka uliofuata, katika shauri la Enviroflow dhidi ya Redhill, jaji akaufunga mlango: 108A ndicho kinachotawala.

Kilichobaki kwenye sheria hiyo ya 1998 si haba, kwa hiyo kidai. Kuna fidia ya pauni 100 kwa deni la kuanzia 10,000, na riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza, kama mkataba wako haukuweka riba yake ya maana. Kwa deni lako, asilimia 8 peke yake ni pauni 3,072 kwa mwaka, yaani zaidi ya pauni 8 kila siku wanapokaa kimya.

Na mwamuzi? (Namwita mwamuzi, si msuluhishi, maana hapatanishi mtu. Anasoma karatasi na kukata shauri, kwa kawaida ndani ya siku 28 tangu apokee jalada. Wewe uliyefungua ukikubali, anaongezewa 14.) Ada yake huhesabiwa kwa saa, na mara nyingi humtwisha aliyeshindwa yote au sehemu kubwa. Lakini mbele yake nyote wawili ni wadeni wake kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mshindwa akikataa kulipa, au kampuni yake ikifa, ankara inakuja kwako. Utalipa, kisha umfukuzie mwenzako. Niliona kijana wa Leicester ameshinda Ijumaa, Jumatatu amepokea ankara ya mwamuzi. Alidhani ni makosa ya posta.

Mimi mwenyewe niliwahi kuungua. Nilimsaidia mjomba wa rafiki yangu, fundi wa vigae, kudai pauni 21,000. Tukabishana kila kitu: idadi ya mita, ubora wa gundi, nani alichelewesha lifti ya mizigo. Mafaili matatu. Wakili wetu akala 14,000. Tukashinda 17,500, na ada ya mwamuzi tukagawiwa robo. Mzee yule alinishukuru kwa heshima zote, akanikaribisha pilau, na hakuniomba ushauri tena.

Kosa letu lilikuwa upana wa ugomvi. Kila hoja unayoongeza ni saa za mwamuzi na saa za wakili, na hizo za wakili hazirudi. Ndiyo maana katika barua yako sentensi iliyonifurahisha ni ile ya "wakanyamaza". Sheria inamtaka mlipaji atoe notisi ya malipo ndani ya siku 5 baada ya tarehe ambayo malipo yanastahili. Asipotoa, na wewe uliomba kama mkataba unavyotaka, kiasi ulichoomba ndicho kinachopaswa kulipwa, mpaka atoe kwa wakati notisi ya kupunguza malipo, yenye kiasi anachoona kinastahili na jinsi alivyokihesabu. Mkataba usipotaja muda, notisi hiyo hutolewa siku 7 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Barua pepe ya wiki sita baadaye, tena inayolalamikia kasoro bila tarakimu, inanuka uchelewaji. Kama imechelewa, mwamuzi hahitaji kupanda ngazi kuangalia dari lako. Anahesabu siku kwenye kalenda. Shauri la hivyo halimli wakili pauni 9,000, na wapo mafundi wanaoliandika wenyewe. Wakishakulipa, wana haki ya kufungua shauri lao kuhusu thamani halisi ya kazi, lakini pesa itakuwa kwako.

Kwa madai yasiyozidi pauni 50,000 ulizia pia ule utaratibu wa madai madogo wa Construction Industry Council. Ulipotoka mwaka 2020 uliweka kikomo cha ada ya mwamuzi, na kwa deni kama lako kilikuwa pauni 6,000 bila VAT. Wasipotii uamuzi utakwenda mahakamani kuutekeleza, na huko kanuni ni nyingine: aliyeshindwa kwa kawaida hulipa sehemu kubwa ya gharama za mwenzake.

Kaka yako yuko sahihi. Mikataba ya kazi ndogo iliyofuata kiolezo cha Benki ya Dunia humlipa mwamuzi kwa saa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye masharti maalumu, na gharama hugawanywa sawa kwa sawa kati ya mwajiri na mkandarasi, uamuzi uwe wowote. Kwa hiyo hata akishinda kila senti, nusu ya mwamuzi ni yake. Aiweke kwenye hesabu mapema. Aangalie na tarehe: uamuzi usipopelekwa kwa mtatuzi wa ngazi inayofuata (arbitrator) ndani ya siku 28, unakuwa wa mwisho. Akija kupata kazi kubwa ya mkataba wa FIDIC (kiolezo cha kimataifa cha ujenzi) wa mwaka 1999, ajue ni nusu kwa nusu pia, ila mkandarasi hutanguliza ankara yote ya bodi ya waamuzi, kisha huomba nusu yake kwa mwajiri kwenye madai ya malipo. Mwajiri anayechelewesha hati zako atachelewesha na hiyo.

Wewe, kabla ya kumpigia wakili tena, toa mkataba, ombi lako la malipo na ile barua pepe yao. Andika tarehe tatu kwenye karatasi moja: siku malipo yalipostahili, siku ya mwisho ya kulipa, na siku walipokuandikia. Wakili mpelekee karatasi hiyo tu, umwulize atatoza kiasi gani kwa hiyo peke yake.