Re: Prokalsitonini ya baba iko juu, je, atapona?

Pole sana, dada. Umeuliza kama prokalsitonini (protini ya kwenye damu inayopanda mtu akiwa na maambukizi makali ya bakteria) ya 6 aliyopimwa mzee Jumatatu, baada ya kupata nimonia akiwa kwenye mashine ya kupumulia, ina maana hatapona. Kipimo kimoja hakisemi hivyo. Kinachotazamwa ni mwelekeo: dawa zikifanya kazi, hushuka karibu nusu kila siku. Ikiganda palepale au ikipanda hadi siku ya nne, hapo kuna wasiwasi; huenda antibayotiki haimgusi huyo mdudu, au kuna usaha umejificha. CRP, kipimo kingine cha damu cha maambukizi, nayo hushuka polepole zaidi.

Umetaja pia kwamba anasafishwa damu. Figo zikilemaa, prokalsitonini huweza kukaa juu hata bila maambukizi mapya, kwa hivyo usiisome peke yake.

Kesho daktari akipitia wagonjwa muulize: oksijeni ya mashine imepunguzwa? Dawa ya kupandisha presha bado anaihitaji? Makohozi yaliyooteshwa maabara yameonyesha nini? Mimi naamini majibu hayo kuliko nambari ya damu.

Na bili za ICU hapa Nairobi tunazijua. Uliza kama kumpima kila siku kunabadilisha uamuzi wowote. Kipimo hiki husaidia hasa kuamua lini antibayotiki zisimamishwe.