Maswali ya Wasomaji: Ruta Kubwa ya CNC Karakanani

Safari hii tumekusanya maswali ya wenye ruta kubwa za CNC, mashine za kukata na kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, zile za meza ya milimita 1300 kwa 2500 zinazolaza ubao mzima wa futi nane kwa nne. Tumeanza na lile linalosumbua wengi.

Tulihamisha mashine yetu kutoka Mombasa kuja Nairobi. Kule vakyumu (pampu ya kushikilia ubao mezani) ilikuwa inashika vizuri, huku vipande vidogo vinateleza mwishoni mwa kukata na kuharibika. Pampu ni ile ile na imefanyiwa sevisi. Kasoro iko wapi? (Fundi, Nairobi)

Pampu yenu ni nzima. Kilichobadilika ni hewa. Pampu haivuti ubao. Inaondoa hewa iliyo chini ya ubao, kisha hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza. Mombasa, usawa wa bahari, hewa hiyo ina shinikizo la kama kilopaskali (kPa) 101. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, ni takriban kPa 82. Pampu inayoondoa asilimia 80 ya hewa itawapa kPa 81 pwani na 66 tu Nairobi. Karibu moja ya tano ya nguvu imekwenda na hakuna kilichoharibika. Msikimbilie kununua pampu kubwa zaidi: itafidia hewa inayovuja tu, na uvujaji mnaweza kuuziba kwa gharama ndogo.

Anzeni na ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) unaolala juu ya meza, ule unaokubali kuliwa na biti, yaani kisu kinachozunguka. Ubao huo wa mm 18 unapotoka kiwandani huwa na ngozi ngumu pande zote mbili, na hewa haipiti vizuri. Upareni upande mmoja kwa mm 0.5, ugeuzeni, pareni na wa pili. Kingo zake nne zipakeni rangi ya mafuta mara mbili, kwa sababu MDF hupitisha hewa nyingi zaidi ubavuni kuliko usoni. Sehemu ya meza isiyo na kazi ifungieni valvu yake, na kama valvu hazigawanyi pale mnapotaka, funikeni na mabaki ya melamini (mbao zenye uso wa plastiki ngumu). Kisha tazameni geji ya vakyumu kabla ya kuwasha spindeli (mota inayozungusha biti) na mwandike inasoma ngapi ubao ukiwa mzima. Siku geji ikishuka chini ya hapo, angalieni kwanza chujio la pampu.

Kuhusu vipande vidogo, hesabu inaeleza yote. Tofauti ya shinikizo ikiwa kPa 50, kipande cha mm 600 kwa 700 kinakandamizwa kwa uzito wa zaidi ya kilo 2,100. Kipande cha mm 100 kwa 150 kinapata kilo 76 tu, na nguvu ya kuzuia kisiteleze ubavuni ni sehemu ya hizo. Biti ya mm 12 ikipita kwa nguvu, kitakwenda. Kwa hiyo panga programu ikate vipande vidogo kwanza, ubao ungali mzima na mianya ya kuvujisha hewa haijafunguliwa. Tumia biti ya mm 6 kwa vipande hivyo. Na usitoboe hadi chini kwa mpito mmoja: acha ngozi ya mm 0.5, maliza mzunguko wote, kisha rudi uikate ngozi hiyo kwa mpito wa mwisho. Wakati huo biti haina mzigo wa kukisukuma kipande.

Umeme ulikatika biti ikiwa ndani ya ubao. Uliporudi tukaendeleza programu pale ilipoishia, ikakata pembeni kwa milimita nne hivi. Ikitokea tena tufanyeje? (Mwanza)

Mashine nyingi za bei ya kati hazikumbuki zilipo umeme ukikatika. Skrini inaweza kuonyesha namba za mwisho, lakini daraja linalobeba spindeli limeshasogea kidogo wakati mota zilipoachia. Mkiendeleza hapo, mnakata kwa kufuata namba za uongo.

Umeme ukiondoka tu, bonyeza kitufe chekundu cha dharura, ili ukirudi ghafla pasiwe na kitu kitakachoanza chenyewe. Kisha nenda kwenye mfuko wa vumbi. Hili watu hulisahau. Mashine inaposimama, spindeli huendelea kuzunguka kwa muda ikiwa mahali pamoja, inasugua MDF mpaka inaunguza, na cheche iliyofyonzwa inaweza kukaa ndani ya mfuko ikifukuta. Fungua, gusa, nusa.

Umeme ukitulia, washa kidhibiti (kifaa kinachoongoza mashine) peke yake. Pandisha spindeli kwa vitufe vya mkono mpaka biti itoke kabisa kwenye ubao, ndipo uipeleke mashine ikatafute swichi zake za mwanzo kwenye kila mhimili. Ziro ya kazi yako, yaani pale programu inapoanzia kupima, imehifadhiwa kwa kupimwa kutoka hapo, kwa hiyo itarudi mahali pake yenyewe. Usiiweke upya kwa kukisia. Baada ya hapo washa pampu na uhakikishe ubao haukusogea vakyumu ilipoachia. Ndiyo maana tunasisitiza vigingi vitatu vya kuegeshea ubao, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi: unausukuma tena ubao hadi uviguse. Hakiki kwa kupeleka biti, spindeli ikiwa imezimwa, juu ya tundu lililokwisha kutobolewa. Ikisimama katikati ya tundu, uko salama.

Usianze katikati ya mstari. Rudi mwanzo wa kipande kile, na hakikisha mistari unayoanzia inawasha spindeli na kuinua biti kabla ya kutembea. Kupita tena kwenye njia iliyokwisha kukatwa hakupotezi kitu. Inasaidia sana kutoa faili moja kwa kila biti badala ya faili moja ya siku nzima.

UPS (betri ya akiba) ya kVA 1 inatosha kwa kidhibiti na kompyuta, ili namba ya mstari isipotee. Spindeli na pampu zisiunganishwe hapo. Ila nunueni rilei ya kulinda fezi, swichi inayozima mota yenyewe: fezi moja ikipotea, mota ya pampu huendelea kunguruma kwa mbili zilizobaki mpaka inaungua.

Nataka kununua mashine ya spindeli ya kW 9. Karakana yangu ina umeme wa fezi moja, na muuzaji anasema inveta inamaliza tatizo. (Keko, Dar es Salaam)

Kwa spindeli ya kW 2.2 anasema kweli: inveta, kifaa cha kubadili umeme na kuongoza kasi ya spindeli, inapokea fezi moja ya volti 230 na kuitolea spindeli fezi tatu za volti hizo hizo. Kwa mashine unayoitaka, hapana. Jumlisha: spindeli kW 9, pampu ya vakyumu 7.5, kivuta vumbi 4, kompresa 3, mota za mwendo 2. Ni kW 25.5. Kwa fezi tatu za volti 400 hiyo ni kama ampia 43 kwa kila waya. Kwa fezi moja ingekuwa ampia 130, na laini ya kawaida ya fezi moja haikujengwa kwa mzigo huo. Ni kweli spindeli haifanyi kazi kwa nguvu yote muda wote, lakini pampu na kivuta vumbi vinanguruma kutwa.

Omba fezi tatu TANESCO, upate gharama kwa maandishi, ndipo ulipie mashine. Ukitegemea jenereta, tafuta ya kVA 50, kwa kuwa mota ya pampu ikiwashwa moja kwa moja hunyonya mara tano hadi saba ya ampia zake za kawaida kwa sekunde chache. Washa pampu kwanza, subiri itulie, halafu kivuta vumbi, spindeli mwisho. Nguzo ya eathi ichimbiwe kwa ajili ya mashine, na waya wake uguse fremu, inveta na bomba la vumbi. Bila eathi nzuri, kelele ya inveta (ya umeme, si ya sauti) huingia kwenye nyaya za swichi, na mashine husimama ovyo kwa hitilafu usizoweza kuzipata.

Melamini inabanjuka ukingo wa juu ingawa tunatumia biti mpya ya kubana. (Dada mwenye karakana ya makabati, Dar es Salaam)

Dada, biti hiyo ina makali ya aina mbili: ncha inavuta juu, sehemu ya juu inasukuma chini, na vyote hukutana ndani ya ubao ili nyuso mbili zibaki safi. Ncha inayovuta juu huwa na urefu wa mm 5 hadi 8 kutegemea biti. Mpito wako wa kwanza ukiwa wa mm 4, kinachogusa uso wa juu ni ile ncha tu, nayo inainua melamini. Pima ncha kwa rula, ongeza mm 1, na mpito wa kwanza usipungue hapo. Kwa ubao wa mm 18 na mashine ya kW 9, kata mara moja tu hadi mm 18.2.

Mwendo nao una hesabu yake: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya makali, mara unene wa chembe. Kwa mizunguko 18,000, makali mawili na chembe ya mm 0.3, unapata mm 10,800 kwa dakika, yaani karibu mita 11. Ukitembeza mita 3 kwa mizunguko ile ile, chembe inakuwa chini ya mm 0.1, biti inasugua badala ya kukata, inapata moto na kubutuka mapema. Shika kinachotoka: kiwe chembe unazoziona kwa macho. Kikiwa unga laini wa moto, punguza mizunguko au ongeza mwendo.

Ukingo wa chini ukibanjuka, biti haina kosa. Ubao wa meza umejaa mifereji na melamini haina cha kuegemea. Pareni upya.

Tunachonga milango ya mvule. Biti zinavunjika makali, na kazi moja inachukua muda mrefu mno. (Zanzibar)

Mvule huficha mawe. Ni chokaa iliyogandamana ndani ya mti, hasa karibu na majeraha ya zamani na nyufa, na biti ya kabaidi (madini magumu lakini mepesi kumegeka) ikiigonga inamegeka. Kagueni ubao upande wa nyuma pia, mkitafuta mabaka meupe, na mchokoe kwa patasi kuukuu kabla ya kuulaza. Mtiki nao una silika inayomaliza makali polepole, kwa hiyo kwa mtiki wekeni akiba ya biti.

Nyuzi za mvule zimesokotana, leo huku kesho kule. Ng'oeni nyama nyingi kwa biti kubwa mkiacha mm 0.5, kisha mpito wa kumalizia. Mlango mzito uliopinda hata kidogo hautashikwa na vakyumu. Fungeni kwa skrubu kwenye mabaki ya pembeni, na mzichore skrubu hizo kwenye programu ili biti isizigonge.

Kuhusu muda: paneli ya mm 400 kwa 600, biti ya ncha ya duara ya mm 6 ikisogea mm 0.6 kila mstari, ni mistari 667, yaani kama mita 400 za safari. Kwa mita 4 kwa dakika ni dakika 100. Mkipunguza hadi mm 0.3 muda unakuwa mara mbili. Tunashauri mm 0.6 kisha msasa na patasi kwa mkono. Ukataji wa mkono kwenye pembe za maua ndio unaoupa mlango uhai, na wateja wa milango hii wanautambua. Vaeni barakoa ya kuzuia vumbi laini, ya daraja la FFP2 au zaidi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na mapafu, na vumbi la mbao ngumu linahusishwa na saratani ya pua.

Milango ya kabati inatoka na pembe zisizo sawa. (Arusha)

Toboa matundu manne madogo yanayounda mstatili wa mm 1000 kwa 2000, upande mrefu ukifuata urefu wa meza. Pima mishazari yote miwili. Kila mmoja uwe mm 2,236. Ikitofautiana, gawanya tofauti kwa 1.8: tofauti ya mm 2 maana yake upande mmoja wa daraja umetangulia kwa mm 1.1 katika kila mita moja ya upana. Rekebisha swichi ya mwanzo ya upande huo au, kwa mashine zenye mota mbili, kipimo chake ndani ya kidhibiti. Pima tena kwa matundu mapya. Ikiwa jibu linabadilika kila ukipima, acha kurekebisha na uangalie gia ndogo inayotembea kwenye reki (chuma kirefu chenye meno): imelegea, au vumbi limejaa kwenye meno.

Koleti inadumu muda gani? (Tanga)

Koleti ndiyo inayoshika biti ndani ya spindeli. Ibadilishe kila baada ya saa 400 hadi 500 za kukata. Kila ukibadilisha biti, ifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, bila mafuta. Ibane kwanza kwenye nati yake mpaka usikie imeingia, ndipo uweke biti, na usiizamishe hadi mwisho: ivute nyuma mm 2. Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, pakeni mafuta mepesi kwenye reli kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga, na koleti za akiba zikae ndani ya kopo lenye kifuniko.