Maswali ya Wasomaji: Mchoro Unapomponza Mtoto

Barua nne za toleo hili zinahusu sehemu na jinsi ya kumwonesha mtoto kinachotendeka nyuma ya tarakimu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake amegusa tatizo ambalo walimu wengi hulipita bila kulitazama.

Swali: Mwalimu, salamu. Binti yangu yuko darasa la nne. Alipoulizwa 1/2 + 1/3 aliandika 2/5. Niliona nimsaidie kwa kuchora. Nilichora mstatili nikaugawa vipande viwili, nikatia rangi kimoja. Nikachora mwingine kando yake, nikaugawa vipande vitatu, nikatia rangi kimoja. Akahesabu, kisha akaniambia: "Baba, vipande viko vitano, vyenye rangi ni viwili. Si ndiyo 2/5 yangu?" Nilikosa la kusema. Je, michoro inasaidia kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, binti yako aliusoma mchoro kama ulivyochorwa, na kwa hilo anastahili pongezi. Kasoro iko kwenye mchoro wenyewe. Una vizima viwili, na hakuna mahali palipoonesha kwamba jibu linapimwa kwa kizima kimoja tu. Alipohesabu vipande vitano alichanganya vya mstatili wa kwanza na vya wa pili, akavipa vyote thamani moja ilhali nusu ni pana kuliko theluthi. Isitoshe, kuna mahali ambapo hesabu yake ni sahihi kabisa: mwanafunzi akipata swali moja kati ya mawili, na baadaye moja kati ya matatu, kwa jumla amepata mawili kati ya matano. Hapo kinachochanganywa ni makundi ya vitu. Katika swali lake kinachounganishwa ni urefu na urefu, na kizima hakibadiliki.

Kwa hiyo mwekee kizima kimoja kisichohama. Kateni tepe nne za karatasi zenye urefu wa sentimita 24 na upana uleule. Nimechagua 24 kwa makusudi, kwa kuwa hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubakiza. Utepe wa kwanza msiukate, uandikwe 1. Wa pili aukate nusu mbili za sentimita 12, wa tatu theluthi tatu za sentimita 8, na wa nne sudusi sita za sentimita 4. Akunje na kukata mwenyewe, hata kama kazi itachelewa. Mkono ukiteleza na theluthi moja ikazidi nyingine, mtabishana ni ipi iliyo halali, na katika ubishi huo ndipo atakapoelewa kwamba vipande visipolingana haviitwi theluthi. Watoto wanaozoea kudai "nusu kubwa" wana haja ya ubishi huo kuliko maelezo yoyote.

Kabla ya kujumlisha, muulize swali moja: 2/5 ya utepe huu ni sentimita ngapi? Ni 9.6. Nusu aliyoanza nayo ni sentimita 12. Yaani alianza na nusu, akaongeza kitu juu yake, akaishia na pungufu ya nusu. Usimweleze zaidi, mwache auone mgongano huo mwenyewe.

Sasa aweke nusu moja na theluthi moja juu ya utepe mzima, ncha kwa ncha. Zitafika sentimita 20 na kuacha pengo la sentimita 4. Ajaribu kuliziba. Nusu haiingii, theluthi haiingii, sudusi inaenea barabara. Halafu aondoe nusu aweke sudusi tatu, aondoe theluthi aweke sudusi mbili, na azihesabu: 5/6. Hapo ndipo kile kigawe kidogo cha shirika anachokariri shuleni kitakapopata maana, kwamba ni kutafuta kipande kinachoweza kupima nusu na theluthi kwa pamoja bila kubaki wala kupungua.

Nina neno moja zaidi kuhusu majina. Nusu, theluthi, robo na thumuni ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mtoto anayesikia "theluthi" hasikii "tatu" ndani yake hata kidogo. Hata neno "sehemu" kwake ni mahali pa kukaa kabla halijawa hesabu. Kwa wiki za mwanzo semeni yote mawili, "theluthi, moja ya tatu", mpaka yashikamane.

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Wanafunzi wangu wanakokotoa 2/3 × 3/4 bila shida, lakini hawaamini jibu. Mmoja aliniuliza inakuwaje namba izidishwe kisha ipungue.

Jibu: Mwanafunzi huyo anakijua Kiswahili vizuri. Kuzidisha kumetokana na kuzidi, na lugha yenyewe imemwahidi ongezeko. Kwa muda fulani acha neno hilo, usome alama ya × kama "ya": theluthi mbili ya robo tatu.

Mpe karatasi ya mstatili. Aikunje kwa wima iwe na safu nne sawa, atie mistari ya kalamu kwenye safu tatu. Hiyo ni robo tatu. Kisha aigeuze na kuikunja kwa upande mwingine iwe na mikanda mitatu, atie mistari inayokatiza ile ya kwanza kwenye mikanda miwili. Akiikunjua atakuta visanduku 12, na sita kati yake vina mistari iliyopishana. Jibu ni 6/12, yaani nusu. Ataona pia kwamba 12 ya chini ni visanduku vyote, 3 kwa 4, na 6 ya juu ni vile vyenye mistari iliyopishana, 2 kwa 3, kwa hiyo kanuni ya kuzidisha juu kwa juu na chini kwa chini haikushuka kutoka mbinguni.

Mchoro huohuo wa eneo utakufaa hata kwa namba nzima. Kwa 23 × 14, chora mstatili ugawe upande mmoja 20 na 3, mwingine 10 na 4. Vyumba vinne vitatoa 200, 80, 30 na 12, jumla 322. Anayesahau "kuhamisha sifuri" katika njia ya kawaida huona hapa ni chumba gani alichokiacha.

Swali: Mtoto aache kuchora lini? Nahofia atachora mpaka sekondari.

Jibu: Aache atakapoweza kukadiria bila karatasi. Mpe 12/13 + 7/8 na umkataze kukokotoa. Anayeziona namba hizo kwenye mstari wa namba atasema kila moja inakaribia 1, basi jumla inakaribia 2. Katika upimaji wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 1978, wanafunzi wa miaka 13 walipewa makadirio manne ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Asilimia 24 tu walichagua 2, na zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha namba za juu au za chini na kuziacha zile nyingine. Hao walikuwa na kanuni kichwani na hawakuwa na picha yoyote. Mimi ningehofia zaidi mtoto wa aina hiyo kuliko anayechora.

Swali: Nilimpa mwanangu 2 ÷ 3/4 akatumia tepe, akapata 2 na 1/2. Kitabu kinasema 2 na 2/3. Tumepima mara tatu, jibu ni lilelile. Nani amekosea?

Jibu: Kitabu kiko sawa, na vipimo vyenu viko sawa pia. Tufuate alichofanya. Vizima viwili vya sentimita 24 vikiungwa vina sentimita 48. Kipande cha 3/4 kina sentimita 18. Kinaingia mara mbili, sentimita 36, na zinabaki 12. Mwanao alizitazama hizo 12 akaona nusu ya utepe, nayo ni nusu ya utepe kweli. Lakini swali halikuuliza zimebaki tepe ngapi. Liliuliza vipande vya 3/4 vimo vingapi, hivyo mabaki lazima yapimwe kwa kipande hichohicho. Sentimita 12 ni theluthi mbili ya 18.

Safari ijayo msimwambie "gawanya", maana atawaza kugawia watu. Mwulizeni, "Vipande vya namna hii vimo vingapi humu?" Kisha achukue kile kipande cha sentimita 18, akikunje katika sehemu tatu sawa, na kukilaza juu ya mabaki.