Indri anaisha, makantia haiishi

Ndugu uliyeuliza kwa nini lemuri, mnyama wa mitini anayefanana na kima, anatoweka ilhali makantia, ule mmea bapa wa kijani, unajaa kwenye viriba vya miche ya parachichi huku Rungwe: tazama uzazi. Indri, lemuri mkubwa wa Madagaska, huzaa mtoto mmoja tu kila miaka 2 au 3, na msitu ukikatwa hana pa kwenda. Hata kipunji, kima wetu wa Mlima Rungwe, anaumizwa na hilohilo. Makantia ina vikombe vidogo juu ya jani. Tone la maji likidondokea humo, vichipukizi hurukia kiriba cha pili. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, uso wa udongo ukauke kabla ya usiku, tandaza mchanga wa chenga juu, na ubandue makantia mapema, vikombe vikiwa havijatokea.