Intavyu ya siku tatu: nilivyofunga hesabu za watu bure

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia meseji, kaitwa intavyu ya uhasibu Dar, wamempa faili la "jaribio la vitendo" akafanyie nyumbani siku tatu, anauliza afanyeje. Nikacheka peke yangu mpaka mwanangu akauliza mama vipi. Mdogo wangu, hilo jaribio mimi nimeshalifanya.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa sina kazi tangu Juni, nina CPA yangu, cheti cha uhasibu niliyoisotea kweli kweli, NBAA (bodi ya wahasibu) hawagawi vyeti kama karanga, na kila nikituma maombi kimya. Siku kampuni moja ya Mikocheni (jina silitaji) inanipigia nilikuwa nafua, simu nimeipokea na mapovu mikononi. Nikatoka Gongo la Mboto alfajiri, yeboyebo miguuni, viatu vya intavyu kwenye mfuko, navaa pale getini mlinzi ananiangalia tu.

Maswali yalikuwa ya kawaida isipokuwa moja, dada wa HR kaniuliza nina mtoto mmoja tu, wa pili natarajia lini? Nikachekacheka kama mjinga. Baadaye ndo nikaja kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito na majukumu ya familia, na mwombaji kazi naye imemtaja humo. Lakini siku ile hata ningejua ningesema nini, nauli ya kurudi yenyewe ilikuwa inanipa mawazo.

Jioni faili likaja. Nikajua ni hesabu za mfano, nafungua Excel nakuta watu 34, majina matatu matatu, TIN (namba za mlipakodi), namba za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), akaunti za benki. Wafanyakazi wao wenyewe! Natakiwa kukagua orodha ya mishahara, kuoanisha taarifa ya benki ya mwezi mzima na kuandaa PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi anayolipa mwajiri). Nikakaa nayo siku tatu, bando langu, umeme wangu, mtoto kalala kwa bibi yake. Na nikaona kosa kubwa, walikuwa wanakata kodi kwenye mshahara mzima kabla ya kutoa ule mchango wa mfanyakazi wa asilimia 10 wa NSSF. Mtu wa laki nane anakatwa 78,000 wakati alitakiwa akatwe 60,000. Kila mwezi! Nikarekebisha mistari yote 34, nikaandika na maelezo mazuri chini, najiona nimeshaajiriwa kabisa.

Kwenye paneli wakanisifia, mzee mmoja akasema hii kazi ni safi sana. Kisha akauliza nategemea mshahara kiasi gani. Sasa mhasibu aliyeondoka nilishamuona mstari wa 12, milioni moja na laki nane, na huyo mzee mwenyewe wake naujua. Mdomo wangu ukasema milioni moja na laki mbili. Mpaka leo sijui nani aliniroga. Ile laki sita inaniuma kuliko hata kazi yenyewe niliyokosa.

Baada ya hapo kimya. Nikapiga, "tutakujulisha". Nikaandika email mbili, hakuna jibu hata la tumepokea.

Kwa hiyo nikushauri nini. Uliza. Kabla hujafungua faili andika email, siyo kupiga simu, uliza hizi data ni za mfano au za kweli, na kazi inatakiwa ichukue saa ngapi. Ukikuta majina ya watu na TIN uliza tena. Kama ni za kweli fanya kipande tu, mistari mitano inatosha mtu kujua kama unajua kazi, hiyo mingine 29 ni kazi ya mtu anayelipwa. Na usitume Excel yenye fomula zako, tuma PDF, fomula baki nazo. Hakuna dhambi kuuliza jamani, sisi wadada hasa tumezoea kusema sawa bosi kabla hata bosi hajawa bosi wetu, tunajishusha bei wenyewe halafu usiku tunalia. Mwajiri wa maana ukimuuliza hakasiriki, akikasirika basi umeshajua.

Mimi sasa hivi nipo sehemu nyingine, jaribio lao lilikuwa dakika 40, palepale ofisini, hesabu za duka la kubuni.

Wale wa Mikocheni tangazo lao nimeshaliona mara tatu, Januari, Aprili, na juzi tena. Nafasi ileile, sifa zilezile, na zote limetoka kati ya tarehe 22 na 25. Ritani, yaani taarifa ya kodi, ya PAYE na SDL mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mdogo wangu wa Morogoro, hilo faili lako wamekutumia tarehe ngapi?