Natia tiki, lakini sijasoma

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, naimba sauti ya pili kwaya kuu. Januari kikundi chetu kilianza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Ukimaliza sura za siku unatia tiki kwenye kundi la WhatsApp. Nilikwama Mambo ya Walawi. Sasa ni wiki ya sita sijafungua Biblia, lakini tiki natia. Nikiimba, midomo inaimba, moyo haupo. Zamani nilikuwa na furaha mpaka majirani wakaniuliza nina nini. Je, nimepoteza wokovu? Mama Watatu, Njombe."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye neno lilelile: tiki.

Tuanze hapo, maana hiyo ndiyo inayokutafuna. Mtu akidanganya kila siku, hata kwa alama ndogo ya kijani, atakaaje mbele za Mungu kwa raha wakati anajua Mungu ameiona? Leo jioni mpigie kiongozi wa kikundi, umwambie umekwama tangu Walawi na tiki za wiki sita si za kweli. Inauma, najua. Lakini Mambo ya Walawi yamewakwamisha wengi, na sitashangaa ukikuta hata humo kikundini una wenzako.

Halafu hilo deni lifute. Biblia tunayoisoma sisi ina vitabu 66 na sura 1,189. Zigawe kwa siku 365, ni sura tatu na ushee kila siku, Jumapili nayo imo. Wapo wanaoweza na nawaheshimu. Wewe una watoto, una madaftari ya kusahihisha, una mazoezi ya kwaya. Umekuwa ukisoma kama mtu anayelipa marejesho ya vikoba: unahesabu zilizobaki na kuogopa siku ya kikao. Furaha itaingilia wapi hapo?

Mkumbuke yule towashi wa Kushi katika Matendo 8. Yuko garini, njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anasoma Isaya, tena kwa sauti, ndiyo maana Filipo akamsikia. Filipo hakumuuliza amefika sura ya ngapi. Alimuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Yalikuwa hayajamwelea, akaomba aelekezwe. Wakakaa juu ya kifungu kimoja tu, kile cha kondoo anayepelekwa machinjoni. Nenda mstari wa 39 umwone anavyoondoka: anakwenda zake akifurahi. Siku za Nehemia ilikuwa vivyo hivyo. Ezra alisoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, Walawi wakawafafanulia watu, watu wakalia, kisha wakaenda kula na kunywa na kupelekeana vyakula kwa furaha kubwa. Na sababu imeandikwa waziwazi: waliyaelewa maneno waliyosomewa.

Nikupe na langu. Habari ya Yairo nimeisikia tangu shule ya Jumapili. Mwaka niliokuwa namuuguza mama, usiku mmoja nilikuwa namsomea Marko 5 polepole na kwa sauti, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito. Yairo ana haraka, binti yake yu katika kufa, na Yesu anasimama njiani kumsikiliza mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Nikafika mwisho, msichana ameamka, na umri wake ni miaka 12. Miaka ileile! Nilikuwa sijawahi kuiona. Kisha mstari wa mwisho: Yesu akaamuru apewe chakula. Mama akanishika mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Watu wote chumbani wameshikwa na bumbuazi, na Bwana anawaza njaa ya mtoto. Mama akacheka kidogo, akaniomba uji, yeye aliyekuwa amekataa chakula tangu juzi yake. Niliukoroga ule uji huku machozi yananitoka, na ilikuwa furaha, mwanangu, sina jina lingine la kuiita. Ningekuwa naikimbilia sura ya 6, ningepita.

Basi Walawi waweke pembeni, utawarudia. Chukua Marko, sura 16 tu. Soma kisa kimoja kwa siku, kwa sauti, hata kama ni jikoni unasubiri chai ichemke. Wakati uwe uleule na mahali pawe palepale, kwa sababu mwili nao huzoea. Itafika siku utajikuta umeshakaa kwenye kile kiti kabla hujakumbuka kwa nini. Simu ibaki chumbani. Ukimaliza, mwambie Mungu jambo moja uliloliona, kwa lugha ya kwenu. Na pale Kiswahili cha Biblia ya Union Version ya 1952 kinapokupiga chenga, weka pembeni tafsiri ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi, ulinganishe. Hata hapo Matendo 8, towashi anasoma "chuo cha nabii Isaya", yaani kitabu, na wasomaji wa leo wengi hawalijui tena neno hilo kwa maana hiyo.

Ziko siku hutahisi chochote. Soma tu. Na siku ya huzuni usijilazimishe shangwe, nenda Zaburi 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado ni sala ndani ya Biblia. Kama usingizi na hamu ya kula navyo vimekupotea, mwone daktari. Hilo halipunguzi imani yako hata kidogo.

Umeuliza kama umepoteza wokovu. Hapana. Hukuokolewa kwa kusoma sura tatu kwa siku, na hutapotea kwa kuzikosa. Yule mwanamke wa Marko 5 alimjia Yesu kwa nyuma, kwa kujificha, na alipojitokeza alikuwa anatetemeka. Aliitwa "Binti".

Kesho asubuhi ni Marko 1, mstari wa 1 hadi wa 8. Ukifika sura ya 5, niandikie umeona nini, maana sidhani kama mimi na mama tuliona yote.

Shangazi yako.