Bibi Shamba Anajibu: Kipimo cha Mbolea ya Maji kwa Mimea ya Ndani Msimu wa Baridi

Barua nilizochagua mwezi huu zimetoka Njombe, Uyole, Iringa na Makete, na zote zinahusu mbolea ya maji kwa mimea inayolelewa ndani ya nyumba. Nimeziweka pamoja kwa sababu kati ya Juni na Agosti wasomaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini huunguza mimea yao kwa mbolea iliyopimwa sawasawa na maelekezo ya chupa. Maelekezo hayo hayajui baridi ya Njombe, wala hayajui kwamba mmea umekaa dirishani na si shambani.

*Shikamoo Bibi Shamba. Ninaishi Njombe mjini, na huotesha miche ya nyanya na pilipili hoho ndani, katika makopo niliyoyapanga dirishani, kwa kuwa nje baridi ni kali. Safari hii nilinunua mbolea ya maji yenye namba 8-4-6. Maelekezo yake ni mililita 50 kwa bomba la lita 16, kila wiki, nami nimeyafuata. Majani ya nyanya yamekuwa ya zambarau kwa chini, ncha zimekauka, na miche imedumaa. Muuzaji ananishauri niongeze mbolea yenye fosforasi nyingi. Je, nimsikilize?*
Mama mkulima, Njombe

Marahaba. Usiongeze chochote kwa sasa. Rangi ya zambarau chini ya majani ya nyanya ni kweli huonyesha kwamba mmea haupati fosforasi, lakini kutoipata si sawa na kutokuwepo. Mizizi ya nyanya ikikaa katika udongo ulio chini ya nyuzi joto 15 hivi, uwezo wake wa kufyonza fosforasi hushuka sana, hata kama kopo limejaa mbolea. Usiku wa Julai hapo Njombe hushuka chini ya nyuzi 10, na kopo lililowekwa juu ya saruji ya dirisha hupoa kama saruji yenyewe. Ukiongeza fosforasi, utaongeza chumvi katika udongo ambao mizizi yake imekwisha kushindwa kula kilichopo.

Ncha zilizokauka ndizo zinazonionyesha kwamba chumvi imezidi. Tazama ukingo wa kopo kwa ndani, pale udongo unapokutana na bati: nadhani utaona utando mweupe unaokwanguka kwa ukucha. Kisha pindua kopo moja taratibu, utoe udongo wote mzima bila kuuvunja. Mizizi yenye afya ina ncha nyeupe. Ikiwa ncha zimegeuka kahawia, imeungua.

Sasa tuangalie hesabu. Namba ya kwanza kwenye chupa, yaani 8, ni asilimia ya nitrojeni; ya pili ni ya fosforasi na ya tatu ni ya potasiamu. Mililita moja ya mbolea hiyo hubeba takriban miligramu 80 za nitrojeni, au zaidi kidogo, kwa kuwa mbolea ya maji ni nzito kuliko maji. Mililita 50 katika lita 16 ni mililita 3 na ushei kwa kila lita, kwa hiyo umekuwa ukiwapa miche zaidi ya miligramu 240 za nitrojeni kwa lita, ilhali mche mdogo hutosheka na miligramu 50 hadi 100. Muuzaji hakukudanganya kuhusu maelekezo. Bomba la lita 16 ni chombo cha shambani, na kipimo kile kiliandikwa kwa mkulima anayenyunyizia majani ya mazao yaliyosimama juani, ambako kinachodondoka huingia katika udongo mpana na mvua huosha ziada. Kopo lako halina pa kuipeleka ziada hiyo.

Anza kwa kusafisha. Hakikisha makopo yana matundu chini, kisha mimina polepole maji matupu yenye ujazo unaozidi mara mbili ule wa kopo, uyaache yatoke yote. Fanya hivyo asubuhi ya siku yenye jua, kwa maji yaliyolala ndani ya ndoo jikoni na si yale yanayotoka bombani alfajiri, kwa sababu hayo ya alfajiri huipoza mizizi upya. Ondoa makopo kwenye saruji na uyaweke juu ya ubao, na jioni uyasogeze mbali na kioo. Ukishaona jani jipya la kijani, rudi kwenye mbolea hiyo hiyo uliyonayo, kwa nusu mililita kwa lita moja ya maji, mara moja kila baada ya wiki mbili, na udongo uwe na unyevu kabla ya kumwagilia. Kuanzia Septemba, joto linaporudi, panda hadi mililita moja kwa lita kila wiki. Kwa vipimo vidogo namna hii, kijiko hakifai, maana vijiko vya chai havilingani. Nunua sindano ya plastiki ya mililita 5 katika duka la dawa, uitumie bila ncha yake ya chuma, na uiweke mbali na watoto.

*Bibi Shamba, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Uyole. Mimi na wenzangu tunalima saladi bila udongo ndani ya chumba, kwa mabomba ya plastiki na taa za LED, na tangi letu ni la lita 100. Mbolea yetu ni chupa mbili, A na B, mililita 5 ya kila moja kwa lita. Ili kurahisisha kazi tulizichanganya zote katika dumu moja, halafu tukawa tunachota humo. Chini ya dumu pametulia unga mweupe, na majani machanga ya ndani yanaungua kwenye kingo. Kipimo chetu kinasoma 840, kama video tuliyoitazama inavyoelekeza. Tatizo ni nini?*
Mwanafunzi, Uyole

Marahaba, mwanangu. Unga ule mweupe ndio chakula mlichokinunua kwa fedha yenu, na sasa mimea haiwezi kukila. Chupa moja kati ya hizo mbili, kwa kawaida A, ina kalisi, na ya pili ina fosfeti na salfeti. Zikiwa katika tangi lililojaa maji, vitu hivyo hukaa pamoja bila ugomvi kwa sababu vimetawanyika. Zikikutana zikiwa nzito kama zilivyotoka dukani, kalisi hushikana na salfeti na kuwa jasi, tena hushikana na fosfeti na kuwa kitu kigumu kuyeyuka kuliko jasi. Kutikisa dumu hakutairudisha kalisi hiyo. Msiimimine kwenye tangi. Mwageni dumu hilo kwenye shimo la mboji au bustani ya nje kidogo kidogo, muanze upya.

Kuungua kwa majani machanga kunaendana na hilo. Kalisi haihami kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, bali husafirishwa na maji yanayopanda kutoka mizizini, kwa hiyo ikipungua, wa kwanza kuumia ni jani dogo la katikati. Hata hivyo, nisingependa muilaumu chupa peke yake. Jani lililofungwa katikati ya saladi hupoteza maji kidogo sana kama hewa ya chumba imetulia, na lisipopoteza maji, kalisi haifiki hata ikiwa imejaa tele tangini. Wekeni feni ndogo inayotikisa majani kwa upole.

Mtakapochanganya upya, jazeni tangi maji kwanza. Mimineni A, mkoroge vizuri, ndipo mmimine B na kukoroga tena. Kwa lita 100 kipimo kamili ni mililita 500 za A na mililita 500 za B, lakini kwa miche michanga tumieni nusu yake, yaani mililita 250 za kila moja. Msipunguze A peke yake wala B peke yake, kwa kuwa mtengenezaji amezipanga zikamilishane. Baada ya hapo pimeni nguvu ya mchanganyiko, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe ya mwisho, kwa sababu mbolea yenyewe huibadilisha. Ikae kati ya 5.5 na 6.5.

Kuhusu hiyo 840, hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kipimo chenu hakipimi mbolea. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kitu kinachoitwa EC, kisha hukigeuza kuwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, kwa kukizidisha na namba iliyowekwa kiwandani. Vipimo vingine huzidisha kwa 500, vingine kwa 700. Kwa hiyo 840 ya kipimo kimoja ni EC ya 1.2, na 840 ya kingine ni karibu 1.7, na tofauti hiyo kwa saladi changa ni kubwa. Bonyezeni kitufe mpaka kisome EC, msahau ppm kabisa. Saladi changa ipeni EC ya 0.6 hadi 0.8, ikishafikisha majani manne au matano ya kweli, pandeni taratibu hadi 1.2. Pimeni pia maji matupu kabla ya kutia chochote, maana kama yana 0.4 yake mwenyewe, mnaanzia hapo.

Yapo mawili ya kuongeza kwa kuwa mko Uyole. EC hubadilika kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na vipimo hulinganisha na nyuzi 25. Kipimo kisichojirekebisha kikitumbukizwa katika maji ya nyuzi 15, kitasoma pungufu kwa karibu moja ya tano, nanyi mtaongeza mbolea isiyohitajika. Someni kijitabu chake muone kama kinajirekebisha. Kama hakijirekebishi, chukueni maji kidogo kwenye kikombe, yapasheni moto hadi yafikie nyuzi 25 hivi, ndipo mpime. Jambo la pili ni mwanga: taa zenu zikiwa dhaifu au umeme ukikatika mara kwa mara, saladi itakula kidogo, na EC ya chini itawafaa kuliko ile ya kwenye video.

Kila asubuhi andikeni daftarini namba mbili, EC na kiasi cha maji kilichobaki. EC ikipanda huku maji yakipungua, mimea inakunywa maji na kuiacha mbolea, kwa hiyo jazieni maji matupu. EC ikishuka, inakula kuliko inavyokunywa, jazieni maji yenye mbolea. Ikitulia, kipimo chenu kimeafikiana na mmea. Badilisheni maji yote kila baada ya wiki mbili au tatu, maana EC haiwaambii ni kirutubisho gani kimeisha.

*Kamwene Bibi Shamba. Nina maua mengi sebuleni hapa Kihesa. Jirani ananiambia mkojo wa sungura unatosha, dukani wananionyesha chupa nyingi, nyingine zina picha za maua tu bila maelezo. Nichague ipi? Tena majani mapya ya waridi langu la ndani ni ya njano, mishipa yake ikiwa ya kijani.*
Msomaji, Kihesa, Iringa

Kamwene. Mkojo wa sungura ni mbolea nzuri kwa bustani ya nje ukizimuliwa angalau mara kumi kwa maji, lakini kwa sebuleni siushauri. Nitrojeni yake kwa sehemu kubwa ni yurea, ambayo lazima bakteria wa udongo waigeuze kuwa amonia na kisha nitreti, na katika chungu kidogo chenye ubaridi kazi hiyo husuasua, amonia ikaunguza mizizi na kuijaza nyumba harufu. Nguvu yake pia hutofautiana kulingana na chakula cha sungura, kwa hiyo huwezi kuupima kama unavyopima chupa. Dondoo la mwani nalo lina manufaa yake, ila nitrojeni yake ni kidogo mno kuwa chakula cha pekee.

Chupa yenye picha tu iache pale pale rafuni. Sheria inataka mbolea inayouzwa nchini iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na lebo ikueleze kilichomo. Kwa maua ya ndani tafuta iliyotaja nitrojeni kwa aina zake, ambayo sehemu kubwa ni nitreti na si yurea, yenye magnesi na madini madogo kama chuma, manganizi, zinki na boroni. Namba tatu za mbele zikikaribiana, au ya pili ikiwa ndogo kuliko nyingine, inatosha. Chupa za kuchanua zenye fosforasi kubwa sana sioni sababu ya kuzilipia. Ua lisilochanua ndani ya nyumba mara nyingi limekosa mwanga.

Waridi lako limekosa chuma, kwa dalili ulizozieleza. Kabla ya kununua chuma, angalia birika lako: likiwa na ukoko mgumu mweupe ndani, maji yako yana chokaa nyingi, na chokaa hupandisha pH ya udongo hadi chuma kinajifunga. Kwa hali hiyo soma kwenye lebo chuma kimebebwa na nini, yaani kiambata gani kinachokizuia kisijifunge. Kilichobebwa na EDTA huanza kushindwa pH ikipita 6.5 hivi, cha DTPA huvumilia hadi karibu 7.5, na cha EDDHA huenda mbali zaidi. Msimu wa mvua kinga maji ya bati kwa ajili ya maua yako, ukiiacha mvua ya kwanza ioshe bati, ila kumbuka kwamba maji ya mvua hayana kalisi karibu kabisa, kwa hiyo mbolea yako iwe nayo.

*Bibi Shamba, mbolea yangu ya maji imeweka chembe kama sukari chini ya chupa tangu baridi ianze. Je, imeharibika?*
Msomaji, Makete

Haijaharibika. Baadhi ya chumvi, hasa za potasiamu, hushindwa kubaki zimeyeyuka maji yakipoa, na Makete inapoa kweli. Simamisha chupa, kifuniko kikiwa kimelegezwa, ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, ufunge, utikise, urudie mpaka chembe ziishe. Usipime kabla hazijaisha, kwa sababu kimiminika cha juu kimepungukiwa potasiamu, na utakachokikuta chini mwishoni kitakuwa kikali mno kwa mmea wowote. Baada ya hapo ihifadhi kabatini, upande wa jikoni, mbali na ukuta wa nje.